Sanaa ya watoto makumbushoni: pa kutembelea, pa kupeleka kazi na pa kusomea

Swali la wapi pa kuona sanaa ya watoto, au pa kuipeleka, huulizwa na watu watatu tofauti. Yupo mzazi anayepanga safari na mtoto asiyeachia penseli. Yupo mwalimu mwenye rundo la michoro kabatini, asiyejua airudishe, aitupe au aitume mahali. Na yupo msomaji anayetaka kuona watoto wa zamani walichora nini. Wote watatu wakitafuta makumbusho ya sanaa ya watoto huletewa majina yaleyale, mchele na pumba pamoja, ingawa mahali panapomfaa mmoja panaweza kumchosha kabisa mwenzake.

Tutenganishe kwanza makumbusho ya watoto na makumbusho ya sanaa ya watoto. Kwenye yale ya kwanza mtoto ni mgeni: anagusa, anapanda, anabonyeza vitu ambavyo watu wazima wamembunia. Kwenye yale ya pili mtoto ndiye msanii, na kilichotundikwa ukutani kimetoka mkononi mwake. Machache yako katikati. Children's Museum of the Arts ya New York, iliyoanzishwa mwaka 1988, ni karakana kwanza, mahali pa kukata, kubandika na kuchafuka, lakini ina pia mkusanyiko wake wa kazi za watoto kutoka nchi nyingi, nyingine za miaka ya 1930. Mimi hapa nashughulika na yale ambayo mtoto ndiye msanii, na nimeyagawa katika aina nne.

Nilivyopima

Kigezo cha kwanza ni namna kazi ilivyofika pale: nani aliomba ichorwe, na nani aliichagua. Hiki nakipa uzito kuliko vingine, maana mtoto aliyeambiwa "chora amani" na mtoto aliyeachiwa karatasi tupu hawachori kitu kimoja.

Cha pili ni jina. Katika karne ya 13 mvulana mmoja wa Novgorod, Urusi, alijichora kwenye gome la mti akiwa juu ya farasi, anamchoma adui mkuki, kisha akaandika jina lake pembeni: Onfim. Matope yalilitunza gome hilo hadi wachimbaji walipolifukua katika miaka ya 1950. Leo anajulikana kwa jina kwa sababu aliliandika mwenyewe. Michoro mingi iliyokuja baadaye, na kutunzwa kwenye majengo ya maana, haikupata bahati hiyo. Lebo inasema "msichana, miaka 7" na basi.

Cha tatu ni kile utakachokiona hasa: kazi zenyewe au nakala, nyingi au chache. Watoto hutumia vifaa vya bei rahisi. Maka peni huchuja, rangi nzito hubanduka, karatasi ya daftari hugeuka njano. Kwa kawaida kazi za karatasi huwekwa kwenye mwanga hafifu wa kiasi cha lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza), na hutolewa ukutani baada ya muda ili zipumzike gizani. Kwa hiyo usisafiri kwa ajili ya mchoro mmoja ulioona picha yake. Huenda siku hiyo umelala kwenye sanduku ghalani.

Cha nne, mtoto wako ana nafasi gani: kutazama tu, kuchora papo hapo, au kupeleka kazi yake.

Ubora wa michoro sikuuweka, na sikusahau. Mkusanyiko unaojisifu kwamba watoto wake wanachora kama watu wazima hunitia shaka. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtu mzima alikuwa karibu mno na karatasi.

Majumba yaliyoanzishwa kwa ajili ya sanaa ya watoto

Kazi zinavyofika. Mengi ya majumba haya yalitokana na mtu mmoja aliyekataa kutupa karatasi. Lile la kimataifa la Oslo, Norwei, lilifunguliwa mwaka 1986 kutokana na mkusanyiko wa Rafael Goldin, na limekusanya kazi za watoto wa nchi zipatazo 180: michoro, vitambaa, vinyago, udongo. Yerevan, mji mkuu wa Armenia, ilitangulia. Huko mhakiki wa sanaa Henrik Igityan alianzisha jumba la picha za watoto mwaka 1970, na miaka miwili baadaye mtu huyohuyo akaanzisha jumba la sanaa ya kisasa katika jiji hilo. Mpangilio huo wa miaka unanifurahisha: watoto kwanza, wakubwa wakafuata. Athens wanalo la kwao tangu 1994, ambalo hutegemea sana mashindano yanayofanyika kila mwaka miongoni mwa watoto wa Ugiriki, na kwa hiyo lina mguu mmoja kwenye aina ya pili nitakayoieleza. Okazaki, Japani, waliofungua mwaka 1985, wana wazo ambalo sijaliona likishikwa kwa dhati namna hiyo kwingine. Pamoja na kazi za watoto wa dunia, hukusanya pia kazi ambazo wasanii waliokuja kuwa mashuhuri walizifanya walipokuwa bado vijana chini ya miaka 20.

Jina. Kwa kawaida lipo, pamoja na umri na nchi. Ila wingi una gharama yake. Ukishakuwa na kazi za nchi mia na zaidi, "nchi" huanza kumeza mtoto, na msichana mmoja anageuka balozi wa taifa zima bila kuulizwa. Soma umri kwanza, nchi baadaye. Utaona mengi zaidi.

Utakachokiona. Kazi halisi kwa sehemu kubwa, zimepangwa kwa mada: familia, mapambano, wanyama, ndoto. Majumba haya si makubwa, na saa moja na nusu hutosha. Udogo huo una upande wake mbaya pia, kwa kuwa taasisi ndogo hufungwa mara kwa mara, hubadili saa kwa msimu, au huhama. Hakikisha liko wazi kabla ya kukata tiketi.

Nafasi ya mtoto. Hapa ndipo yanapozishinda aina nyingine tatu. Yerevan jumba limefungamana na madarasa ya uchoraji, ufinyanzi, taraza na mengineyo, chini ya kituo cha kitaifa cha malezi ya sanaa kinachobeba jina la Igityan. Okazaki kuna sehemu ya mzazi na mtoto kutengeneza kitu pamoja. Mtoto aliyetoka kuona kazi ya mwenzake wa umri wake hukaa mezani akiwa na ari ambayo picha ya msanii mashuhuri haimpi.

Yanamfaa nani? Familia, na mwalimu anayetafuta mawazo ya darasani. Mtafiti atapata kidogo, isipokuwa aombe kuingia ghalani.

Maonyesho ya mashindano

Kazi zinavyofika. Mtu mzima anatoa mada, shule zinatuma, waamuzi wanachagua. Mfano ninaouheshimu ni wa Lidice, kijiji cha Cheki. Mwezi Juni 1942 Wanazi walikifuta kijiji hicho: wanaume wakapigwa risasi, wanawake wakapelekwa kambini, na watoto 82 wakauawa kwa gesi kule Chełmno, kambi ya mauaji iliyokuwa Poland. Maonyesho ya sanaa ya watoto yalianzishwa mwaka 1967 kwa kumbukumbu yao, yakawa ya kimataifa mwaka 1973, na hupokea kazi za watoto wa miaka 4 hadi 16 kutoka pande zote za dunia. India nako, mchora katuni Shankar alianzisha mashindano ya watoto mjini New Delhi mwaka 1949, na kizazi baada ya kizazi kimepitia hapo.

Jina. Hapa ndipo jina linapotunzwa vizuri kuliko kote, kwa sababu iliyo wazi: kuna zawadi. Jina, umri, shule, wakati mwingine na mwalimu. Wale ambao hawakushinda hawaonekani kabisa, na hao ndio wengi.

Utakachokiona. Kazi nyingi, zenye rangi kali, zilizokamilishwa mpaka ukingo wa karatasi. Utakutana pia na njiwa wengi. Mada ikiwa amani kuna njiwa, ikiwa mazingira kuna dunia iliyobebwa na mikono miwili. Sisemi hivyo kwa dharau. Mtoto anajua kabisa anaulizwa nini, na anajibu. Kinachonikera ni kazi thelathini za shule moja zenye mti uleule upande uleule. Hapo huoni watoto, unaona mkono wa mwalimu. Waamuzi wazuri huzigundua na kuziacha. Wengine huzipa tuzo.

Nafasi ya mtoto. Ndiyo aina pekee ambayo mtoto yeyote, popote alipo, anaweza kuingia akiwa nyumbani kwao. Soma masharti kabla ya kutuma, hasa mambo manne: umri unaohesabiwa siku ya kutuma au ya mwisho wa mashindano, ukubwa wa karatasi, kama kazi itarudishwa, na nani atakuwa na haki ya kuichapisha. Mashindano mengi hayarudishi. Mwambie mtoto hilo mapema, tena kwa lugha iliyonyooka. Nimeona mtoto akimuuliza mwalimu wake kwa miezi kuhusu simba wake aliyetumwa asirudi, na hakuna medali ambayo ingemtuliza.

Yanamfaa nani? Mwalimu na mtoto wanaopenda kuwa na tarehe ya mwisho na kitu cha kulenga. Hayamfai mtoto anayechora kimyakimya kwa ajili yake mwenyewe. Huyo muache na daftari lake.

Mikusanyiko ya ushahidi

Kazi zinavyofika. Hizi hazikukusanywa ili ziwe makumbusho. Zilichorwa katikati ya balaa, na mtu akazinusuru. Inayojulikana zaidi ni ile ya Terezín, geto ambalo Wanazi waliwafungia Wayahudi katika nchi ya Cheki. Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyepita Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, na kabla ya hapo akasoma Vienna kwa Franz Cižek, mwalimu aliyeanza darasa la sanaa ya watoto mwaka 1897, aliwafundisha watoto wa geto kuchora kwa karatasi zozote zilizopatikana, hata fomu zilizokwisha kutumika. Mwezi Oktoba 1944 alipelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz akauawa. Aliacha masanduku mawili ya safari yenye michoro kama 4,500. Leo iko chini ya Jumba la Makumbusho la Kiyahudi la Prague, na maonyesho yake yamo katika Sinagogi ya Pinkas, ambayo kuta zake zimeandikwa majina ya waliouawa karibu 80,000.

Nyingine zina historia zinazotofautiana. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, 1936 hadi 1939, watoto waliohamishwa mbali na mapigano walichora ndege, mabomu na nyumba zao. Zaidi ya michoro 600 iko Chuo Kikuu cha California, San Diego, na inaonekana mtandaoni. Mwaka 2007 shirika la Waging Peace lilikusanya michoro ipatayo 500 ya watoto wa Darfur waliokimbilia Chad, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikaipokea kama ushahidi wa mazingira ya uhalifu. Ya Carrolup, Australia Magharibi, ni ya mkasa mwingine kabisa. Katika miaka ya 1940 watoto wa Kinoongar, wenyeji asilia wa huko, waliotenganishwa na familia zao walichora misitu na machweo ya nchi yao chini ya mwalimu Noel White. Kazi zao zilipelekwa ng'ambo, zikauzwa, zikaishia kwenye chuo kikuu cha Colgate, Marekani, zikasahaulika. Zilipogunduliwa tena ikachukua miaka kadhaa ya mazungumzo. Mwaka 2013 kazi 122 zilirudi Australia Magharibi, na sasa zinatunzwa na Chuo Kikuu cha Curtin.

Jina. Hapa jina ni kila kitu. Dicker-Brandeis aliwahimiza watoto watie jina kwenye karatasi, na kwa wengi wao mchoro ule ndio alama pekee ya mkono wao iliyosalia duniani. Kwa Carrolup, jina ndilo lililowezesha jamaa kusimama mbele ya picha na kusema huyu ni wa kwetu. Lakini kuna pale ambapo kulificha ndiko kumtunza mtoto. Aliyechora askari wakichoma kijiji chake, na askari hao bado wapo, hatakiwi kujulikana. Ukikuta mkusanyiko wa vita vya karibuni hauna majina, usiukemee haraka.

Utakachokiona. Karatasi ndogo, zilizofifia, na mara nyingi kitu usichotarajia. Watu huingia wakitegemea vitisho wakakuta maua, kipepeo, meza iliyoandaliwa chakula. Penseli yenyewe imebonyezwa kwa nguvu hapa, imeguswa tu pale. Mimi huona hizo ndizo kazi zinazodai muda mrefu kuliko zote, na pia zinazotumiwa vibaya kuliko zote, kwenye kadi na mabango yanayotaka chozi la haraka.

Nafasi ya mtoto. Ya kutazama tu, na si kila mtoto. Mwenye miaka 11 au 12, aliyeelezwa kabla, anaweza. Mdogo wa miaka 6 ataona michoro kama yake na kuuliza watoto hao wako wapi sasa. Uwe na jibu.

Inamfaa nani? Anayesoma historia, mwalimu wa sekondari, mtu mzima mwenye nusu siku isiyo na haraka. Usiibane katikati ya matembezi mengine.

Hifadhi za utafiti

Kazi zinavyofika. Kwa maelfu, kutoka chekechea na shule, mara nyingi bila uteuzi wowote. Rhoda Kellogg, mwalimu wa watoto wadogo huko San Francisco, alikusanya michoro ipatayo milioni moja ya watoto wa miaka 2 hadi 8. Kutokana nayo alitenga aina 20 za michirizo ya msingi ambayo mtoto huanza nayo kabla hajachora kitu chenye jina. Mwaka 1967 sehemu ya michoro 8,000 hivi ilichapishwa kwenye filamu ndogo za maktaba, na siku hizi inaweza kuonwa mtandaoni. Uingereza ipo hifadhi ya kitaifa ya elimu ya sanaa, iliyoanzishwa katika chuo cha Bretton Hall mwaka 1985, ndani ya eneo la Yorkshire Sculpture Park, bustani ya sanamu. Humo kuna kazi za watoto pamoja na nyaraka za walimu waliowafundisha.

Jina. Halipo, au limegeuzwa namba. Kwa mtafiti hilo ni sawa. Anatafuta umri na tarehe. Kwa mzazi linasikitisha kidogo.

Utakachokiona. Kile ambacho aina nyingine zote hukificha: kuchorachora. Duara lisilofunga. Karatasi yenye mstari mmoja. Jua lenye miguu ambalo wiki chache baadaye litakuwa mtu. Waamuzi wa mashindano hawafiki huku, na majumba ya maonyesho huchukua kidogo sana. Kama mtoto wako ana miaka mitatu na unadhani hachori chochote, tazama mamia ya michirizo ya wenzake kwa jioni moja kisha urudi kwenye karatasi yake. Utaanza kuona anafanya kazi.

Nafasi ya mtoto. Hakuna, wala hakuna cha kumwonyesha humo atakachofurahia kwa zaidi ya dakika kumi.

Inamfaa nani? Mwanafunzi wa ualimu, mtafiti, mzazi wa mtoto mdogo sana. Nyingi huhitaji miadi. Za mtandaoni hazihitaji nauli.

Kulingana na hali yako

Una mtoto wa miaka 5 hadi 10 na siku moja safarini: nenda kwenye jumba la aina ya kwanza, na uulize mapema kama siku hiyo kuna karakana. Pasipo karakana, beba karatasi na krayoni zako, mkae kwenye benchi. Walinzi wengi hawana shida na krayoni. Rangi ya maji ndiyo inayowatia wasiwasi.

Uko Prague na mtoto mkubwa: Sinagogi ya Pinkas na Lidice ziko jirani kiasi kwamba wengi huziunganisha siku moja. Ningeshauri siku mbili. Ya kwanza inaonyesha watoto waliochora wakiwa ndani ya balaa, ya pili watoto wanaochora leo kwa kumbukumbu ya balaa, na ukiziharakisha zinachanganyika kichwani.

Huna safari yoyote: anza na michoro ya Hispania na ile ya Kellogg, zote mtandaoni, moja kwa moyo na moja kwa jicho. Ukizitazama kwa zamu utaona jinsi mtoto wa miaka 9 aliyechora ndege ya kivita alivyotumia ileile michirizo ya miaka mitatu kuchora moshi wake.

Ni mwalimu na darasa linataka kushindana: chagua shindano moja kwa mwaka, lenye masharti yaliyoandikwa, na utume kazi ambazo watoto wenyewe wamezichagua. Piga picha kila kazi kabla haijaondoka.

Una rundo kabatini na unafikiria kulitoa kwa hifadhi: waandikie kwanza, kwa sababu nyingi hupokea tu kile chenye historia inayoeleweka. Rundo lisilo na maelezo ni karatasi. Rundo lenye maelezo ni mkusanyiko. Omba ridhaa ya wazazi, na ya watoto wanaoweza kuitoa. Halafu, nyuma ya kila karatasi, kwenye kona, andika jina, umri, tarehe, na maneno ya mtoto mwenyewe kuhusu alichokichora. Tumia penseli, maana wino hupenya upande wa pili.